Ripoti ya Presha ya Mama

Benchi lenyewe liko kwenye kona, kati ya kinyozi na kibanda cha fundi simu. Mguu wake mmoja ni kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari, kwa hiyo anayekaa upande huo hukaa kwa heshima. Wenye benchi wanajulikana. Yupo Gia, aliyeendesha lori mpaka macho yakamwambia basi. Yupo Betri, fundi simu, ambaye kwake matatizo yote ya dunia huanzia kwenye betri. Yupo Jaji, kinyozi, ambaye hutoa hukumu kwanza, kesi akaisikiliza baadaye. Asubuhi hiyo aliwafuata Faili, karani mstaafu wa ghala, kompyuta kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Mchana wake alitakiwa kumpeleka mama yake kliniki. Daktari alikuwa amembadilishia mama dawa za presha, na alikuwa amesema waziwazi: mkirudi nileteeni vipimo vya nyumbani, nione dawa mpya inamfanyaje. Faili alikuwa na vipimo vyote ndani ya databesi aliyoijenga mwenyewe, na ripoti yenye mchoro, mstari mwekundu kwa namba ya juu na wa buluu kwa namba ya chini. Ila ripoti ilikuwa haifunguki. Akaomba umeme. Jaji akachomoa mashine ya kunyolea, akachomeka kompyuta, na mteja aliyekuwa kitini akabaki na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

— Haya, mgonjwa anaumwa nini? aliuliza Gia, akimsogezea kikombe muuza kahawa aliyesimama hapo na birika lake.

— Ripoti, alisema Faili. — Majedwali yanafunguka. Fomu zinafunguka. Nikigusa ripoti tu, programu nzima inajifunga.

— Inazima kompyuta?

— Hapana. Inajifunga yenyewe, inapotea. Halafu kinakuja kidirisha kinaomba radhi, kinaniuliza kama nataka kurudishiwa kazi yangu.

— Yaani inakuangusha halafu inakupa pole, alisema Jaji. — Ina malezi mazuri.

— Ilianza lini? aliuliza Betri.

Swali hilo Faili hakulipenda. Akakohoa, akapuliza kahawa ambayo wala haikuwa ya moto, akasema ilianza baada ya yeye kusasisha mfumo. Alikuwa ameona mahali kwamba toleo jipya linachora michoro vizuri zaidi. Akataka mchoro wa mama utoke vizuri zaidi.

— Kwa hiyo ilikuwa nzima, ukaitengeneza, alisema Jaji.

— Niliisasisha.

— Ndiyo hivyo hivyo.

Gia alinyoosha miguu. Mtu aliyekaa nyuma ya usukani maisha yake yote huwa hana haraka ya kufika.

— Mimi nawaambia ni mzigo, alisema. — Hiyo ripoti inabeba namba za mwaka mzima, inapandisha nazo mlima. Lori likizidiwa linazima katikati ya mlima, huwezi kulilaumu. Punguza mzigo.

— Nimepunguza, mzee. Nimeiwekea mwezi mmoja tu. Ikajifunga vilevile.

— Weka siku moja.

— Siku moja itachora mstari gani? Itakuwa nukta.

— Basi ichore nukta. Tutajua inapanda.

— Mimi nasema betri, alisema Betri.

— Imechomekwa kwenye umeme, Betri.

— Ndiyo maana! Inakula umeme mwingi kuliko ilivyozoea.

Betri mwenyewe aliona amechemsha, akaivuta kompyuta magotini, akafuta mikono kwenye suruali. Akiacha mdomo, mikono yake huwa na akili.

— Hebu tulia. Mfumo wa hii ni Linux, sivyo?

— Linux.

— Sasa sikilizeni. Programu yenyewe inakuonyesha tu. Anayeipika ripoti kule jikoni ni mwingine, anaitwa Java. Ukisasisha mfumo, mpishi anaweza kubadilishwa bila wewe kuambiwa.

Benchi likasogea karibu, maana lile lilikuwa neno la maana na watu hawakulitegemea. Faili ndiye hakushangaa.

— Najua, alisema. — Wako wawili, wa zamani na wa sasa. Nikamtoa wa zamani.

— Ikawaje?

— Ikajifunga.

— Ukamtoa wa sasa?

— Nikamrudisha wa zamani, nikamtoa wa sasa. Ikajifunga.

— Ungewatoa wote.

— Niliwatoa wote. Ikaniambia haina Java, kisha ikajifunga.

— Angalau siku hiyo ilisema sababu, alisema Gia.

Kwa kweli Faili alikuwa amefanya kazi, na alitaka watu wajue. Akawasimulia bila kuruka hatua. Aliiondoa programu na kuiweka upya. Aliibadilisha jina ile folda ya mipangilio ili programu iamke ikidhani imezaliwa leo. Alifungua akaunti nyingine ya mtumiaji, akajaribu kutokea huko. Aliondoa hata printa, kwa sababu alisoma kwamba ripoti huiuliza printa ukubwa wa karatasi kabla ya kuchora chochote, na printa ikikaa kimya mambo huharibika. Wiki nzima alikuwa kwenye kiti, chai ikipoa. Alipokuwa akieleza, uso wake ulikuwa na ile fahari ya mtu aliyeteseka kwa ajili ya mzazi wake.

— Mama ana bahati ya mtoto, alisema muuza kahawa, akimwongezea bila kuombwa.

Faili akainamisha kichwa. Alifurahi, na hakujaribu sana kuificha furaha yake.

— Hii programu uliinunua? aliuliza Jaji, ambaye alikuwa amechoka kukaa bila kuhukumu.

— Ni ya bure.

— Mwenyewe nani?

— Haina mwenyewe mmoja. Wanaitengeneza watu wengi, kila pembe ya dunia.

— Basi kesi imekwisha. Kazi ya watu wengi, kila mmoja anamtegea mwenzake. Aliyepangiwa majedwali amekuja kazini. Aliyepangiwa fomu amekuja. Wa ripoti hajaja. Ana msiba, ana nini, hatujui. Akirudi itafunguka.

— Kliniki ni leo mchana, Jaji.

— Mahakama haipangi ratiba ya msiba.

Gia alitikisa kichwa. Alikuwa na lake, na alilisema kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku kama kuna mtu anayejali.

— Mimi naona inasoma.

— Nani anasoma?

— Hiyo kompyuta. Mnadhani haielewi namba inazopewa? Faili, namba ya juu ya mama ni ngapi?

— Kwa wastani, tangu mwaka uanze, mia hamsini na mbili nukta nne, alisema Faili papo hapo.

— Unaona? Hata mimi ukiniletea namba kama hiyo nijumlishe na kuchora, nitajifunga. Imeshtuka. Ina huruma, haitaki kuwa yenyewe ndiyo inatoa habari mbaya.

— Aa, mzee, sasa umevuka mpaka, alisema Betri, lakini macho yake yalikuwa yanametameta, na wote waliona kwamba anataka kuvuka zaidi. — Shida siyo namba. Shida ni dawa. Namba za dawa ya zamani zilizoea kukaa peke yao. Sasa unazichanganya na namba za dawa mpya, kwenye mchoro mmoja, mstari mmoja. Haziivi chungu kimoja. Zinagombana humo ndani, programu inaamua kutoka.

— Lakini za dawa mpya bado hazimo, alisema Faili. — Zitaingia ripoti ikisimama.

— Basi inaziogopa kabla hazijafika.

Betri alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaita programu kutokea huko, akabonyeza ripoti. Maandishi yakamwagika kama mchele kwenye ungo, mistari kwa mistari, kisha yakasimama. Programu ilikuwa imekwenda. Vichwa vinne vikainama kusoma mstari wa mwisho, na cha tano pia, kile kilichonyolewa nusu.

— Inasema nini? aliuliza Gia.

— Inasema imekufa, alisema Betri.

— Hilo tunalo tangu asubuhi.

— Bonyeza tena, alisema Jaji. — Labda ilikuwa haijatusikia.

Wakabonyeza tena. Muuza kahawa akaliinamisha birika, akaangalia ndani, akawatangazia kwamba amebakiwa na vikombe vya mwisho, wanaotaka kuendelea na kesi wajipange. Hapo ndipo alipotokea mwanamke mwenye begi la safari begani na vumbi la basi viatuni. Alikuwa mdogo wake Faili. Anaishi mbali, na alikuwa amekuja ili waende naye kliniki.

— Shikamooni.

— Marahaba, dada, karibu, walimjibu, na Gia akamwachia upande wa benchi wenye miguu mizima.

— Asante, sikai. Kaka, nilijua nikipita hapa nitakukuta. Mama hajambo?

— Hajambo, hajambo. Ripoti tu ndiyo inatusumbua, lakini tunakaribia.

— Ee, nimesikia. Dada alishusha begi. — Jana nilimpigia mama, nikamuuliza presha inaendeleaje na hizi dawa mpya. Akaniambia hajui, humpimi siku hizi, mpaka kompyuta ipone. Kompyuta ndiyo hii?

— Ndiyo hii, alisema Gia, kwa niaba ya wote.

Dada akaitazama. Akaizunguka, akaangalia ubavu mmoja, akaangalia wa pili, akainua kidogo kifuniko kwa kidole. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa mtu anayetaka kuelewa.

— Sasa mama mkono anauingiza wapi?

Benchi zima likageuka kumtazama Betri, kwa sababu mambo ya matundu ni yake. Betri akamtazama Jaji. Jaji akatazama mashine yake ya kunyolea.

Kipimo cha presha kilikuwa kwenye droo karibu na kitanda cha mama, na kilikuwa kizima. Kilikuwa kizima wiki yote. Kila asubuhi kabla ya hapo mambo yalikwenda hivi: Faili anamvika mama kile kitambaa mkononi, anasubiri, anasoma namba, anakwenda kuiandika kwenye fomu. Ripoti ilipoanza kujifunga akawa anaamkia kwenye kompyuta. Mama alikuja mlangoni mwa chumba cha mwanawe, siku ya kwanza na ya pili, mkono wa gauni ukiwa umepandishwa mpaka begani. Faili akadhani ni joto. "Subiri, mama, kompyuta ikipona," alimwambia, bila kugeuka. Siku ya tatu mama hakuja. Mama si mtu wa kusumbua, akiambiwa subiri anasubiri.

Na siku hizo ndizo alizozitaka daktari. Hizo hasa, wala si nyingine. Hata kama ripoti ingefunguka dakika ile, na mchoro wake mzuri wa toleo jipya, mstari mwekundu ungekwenda vizuri mpaka siku ya dawa mpya na kuishia hapo. Aibu ilimpanda Faili mpaka masikioni.

— Kaka?

— Twende nyumbani, alisema Faili.

— Na ripoti? aliuliza Gia.

Faili alikuwa ameshavuka barabara, kompyuta kamwachia Betri, na dada yake nyuma yake anakimbia na begi. Nyuma yao mteja wa Jaji alisema neno lake la kwanza tangu asubuhi.

— Kama mmemaliza na umeme, naomba nimaliziwe.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari kwa kliniki, mkoba mapajani. Alimpokea binti yake kwa mikono miwili, akamuuliza habari za safari, za watoto na za mume, mpaka zote zikajibiwa. Faili alisubiri karibu na droo. Alikuwa na maneno njiani, mengi, ameyapanga vizuri, lakini mama akamwahi.

— Imepona? aliuliza mama.

— Imepona, mama.

— Nilijua utaiweza. Akaweka mkoba kando, akaanza kupandisha mkono wa gauni, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. — Nilikuwa naamka nasikia kichwa kizito, nikasema ngoja, mwanangu yuko kazini, akimaliza atakuja.

Dada akageukia dirishani. Faili akapiga goti, akamvika mama kitambaa, akakikaza. Akabonyeza, kipimo kikaanza kunguruma na kukaza mkono wa mama.

— Na ikiharibika tena, mwanangu?

— Nitakupima, mama, alisema Faili, akiwa bado amepiga goti. — Iharibike, isiharibike, nitakupima. Usiongee kwanza, inahesabu.

Mama akanyamaza kama alivyoambiwa.