Injini Kwenye Tawi la Mshelisheli

Kitendawili: mzito kama fahali, hana miguu, na mzee mmoja kamtembeza uani. Ni injini ya gari. Nilimsikia Mzee Apisai kwenye basi la kutoka Sigatoka, hapa Fiji, akimsimulia mama asiyemjua aliyeketi kiti cha pili.

“Niliifunga mnyororo kwenye tawi la mshelisheli, ikaning'inia, nikalisukuma gari likatoka chini yake. Kisha nikaiviringisha juu ya magogo ya minazi hadi kibandani. Peke yangu!”

“Huoni haya, baba? Kwetu ungeita mara moja tu, ukoo mzima ungekuja. Tungevuta kwa nyimbo, kisha tunywe kava mpaka midomo ife ganzi.”

“Hata kwetu ilikuwa hivyo. Sasa vijana wote wako Australia wanachuma matunda. Nimwite nani, kuku?”

Nyimbo zile nazikumbuka. Nikajidai natazama dirishani.

“Na kuirudisha garini?”

“Leo. Ila tawi limeanza kupasuka.”

“Itakuponda, mbishi wewe!”

“Iniponde, niko kwangu.”

Basi likasimama kijijini kwake, akashuka. Yule mama, mwenye tiketi ya kufika Suva, mbali mbele, akabeba kikapu chake akashuka nyuma yake, bado anamgombeza.