Risasi Iliyogoma

Kijiwe chetu ni benchi refu lililobaki mbele ya kituo cha mafuta cha Granliden, ambacho pampu zake zilikauka tangu barabara kuu ilipohamishiwa ng'ambo ya mto. Birika jeusi hukaa juu ya jiko la gesi, jibini hukatwa vipande na kutumbukizwa katika kahawa, nasi huketi tukitazama barabara isiyopitisha mtu. Ijumaa ile ilikuwa ya mwisho kabla ya msimu wa elgi, mnyama mwenye pembe pana anayempita farasi kwa kimo. Pembeni mwa birika ilisimama risasi moja ya milimita sita na nusu, wima juu ya kitako chake. Mwenyewe ni Valfrid, mkubwa wetu kwa umri, ambaye watu humwita Risasi Moja kwa sababu katika maisha yake ya uwindaji hakuwahi kuhitaji ya pili. Vuli iliyopita elgi dume alipita mbele ya kituo chake cha kuvizia pale Kinamasini, na mlio haukusikika. Valfrid alisema risasi iligoma. Tangu hapo huja nayo mfukoni, huisimamisha benchini kama shahidi, na jioni huondoka nayo. Lakini jioni ya Jumapili Sixten, kiongozi wa timu yetu, angegawa vituo, na sisi wengine tulikuwa tumekwisha kumtuma amwambie mzee kwamba safari hii atabaki kando ya moto na birika, kwa kuwa macho yake hatuyaamini tena. Kama risasi ndiyo iliyogoma, tulikuwa tunamdhulumu. Kama haikugoma, hapakuwa na aliyetaka kulitamka.

— Umelala salama, Valfrid? aliuliza Sixten.

Valfrid alivuta pumzi fupi, kama mtu anayenyonya mchuzi wa moto. Huku kwetu kaskazini neno ndiyo halitamkwi; huvutwa ndani.

— Nilitaka tuongee kidogo, mzee wangu. Hiyo Jumatatu...

— Jumatatu upepo wa magharibi! alidakia Evert, ambaye tunamwita Gazeti kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Na mwanangu atakuja na lile bunduki lake jipya. Risasi nene kama kidole gumba. Juzi kalijaribu, bega limevimba mpaka hawezi kuvaa koti. Nikamwambia, we kijana, hilo linakupiga wewe au linampiga elgi?

— Vijana wanapenda kelele, nilisema mimi, ambaye wao huniita Msomaji.

— Kelele na bei, Msomaji. Sasa itazame hii hapa. Nyembamba, ndefu, haina makuu. Inaingia kwa adabu, inatoka upande wa pili imeshaaga. Babu yangu aliitumia, baba yangu aliitumia, mimi naitumia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeumwa bega.

— Bega hapana. Babu yako aliumwa kichwa, alisema Sixten, kwa pombe ya kuchemsha mwenyewe.

— Kichwa ni mambo ya nyumbani, usiyalete kijiweni. Nyie mnajua sisi na jirani zetu Wanorwe tuliichagua pamoja iwe risasi ya majeshi yetu? Enzi za mfalme mmoja. Ndoa ikaja ikavunjika, kila mtu akachukua vyombo vyake, lakini risasi tukabaki nayo wote wawili, kama mtoto. Mpaka leo tunamlea.

— Ndio maana hana akili, alisema Valfrid kwa sauti ya chini, na tukacheka, ingawa kicheko chetu kilikuwa kifupi.

Sixten alijikohoza. Alikuwa amevua kofia, na mtu wa kaskazini akivua kofia nje, jambo lake ni la msiba au la kodi.

— Valfrid, sikiliza. Kuhusu Kinamasini...

— Elgi wenyewe wanaijua! alipaza sauti Evert, na sikuweza kutambua kama alimwokoa Valfrid au Sixten. Nawaambia kweli. Ndama anazaliwa anaijua. Ukimpiga kwa haya makubwa ya kisasa anakimbia mpaka mpakani, kachukia. Ukimpiga kwa sita na nusu anasimama, anafikiri kidogo, anasema, haya, imefika ile ya wazee. Analala. Ile inaheshimika, bwana! Na haichoki. Baba alikuwa na boksi la risasi za enzi za vita, lilikaa kwenye pipa la samaki, chumvi tupu, kutu tupu. Tulizifyatua zote. Hakuna iliyogoma. Sita na nusu haigo...

Sixten alimpiga teke chini ya benchi. Neno lilikatika, lakini sehemu iliyobaki sote tuliisikia. Risasi ilisimama pale pale, safi, iking'aa kwa kushikwa na mkono uleule mwaka mzima.

— Isipokuwa hiyo, alisema Evert.

— Isipokuwa hiyo, alisema Sixten haraka. Unyevu. Kinamasi kile kina unyevu sana.

— Baridi pia, alidakia Evert. Asubuhi ile ilikuwa baridi ya kukata masikio.

— Ilikuwa na jua, alisema Valfrid.

— Jua la baridi! Halafu, ngoja, kuna yale mapanga ya umeme mlimani. Yale yanayozungushwa na upepo. Mimi nimeyachunguza. Yanavuta umeme hewani, na fataki ya risasi ina nini ndani yake? Si moto? Na moto ni nini?

— Gazeti, kunywa kahawa, nilisema.

— Nakunywa, lakini nauliza. Redio yangu inakoroma tangu yalipojengwa. Kama yanaweza kunyonya redio yenye waya, risasi ndogo kama hii ni nini kwao?

Sixten alitikisa kichwa kukubali. Hapo nilimhurumia, maana alikuwa amekuja na maneno yaliyopangwa vizuri, na sasa alikuwa anatetea uchawi wa mapanga ya umeme. Valfrid alikuwa amegeuza uso kuelekea mto, na uchovu wake haukuwa wa siku ile.

Vendela alifika kwa baiskeli. Ni mama aliyehamia kutoka kusini, akanunua kiwanda cha maziwa kilichofungwa na kukigeuza cha jibini. Majira ya kuchipua alifaulu mtihani wa uwindaji, na Jumatatu ingekuwa mara yake ya kwanza kwenda na timu.

— Hamjambo wazee! Nimewaletea jibini. Mbona mko kimya hivi, nani kafa?

— Redio ya Gazeti, nilisema.

Aliweka furushi benchini, akaiona risasi, akaichukua. Aliichukua tu, kama mtu anavyookota kijiko. Ndipo nilipogundua kwamba kwa mwaka mzima hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa.

— Ndiyo hii iliyogoma? Nimeisikia habari yake.

— Ndiyo hiyo, alisema Sixten. Irudishe, mama.

Lakini alikuwa amekwisha kuipindua, akawa anachunguza kitako chake kwenye mwanga.

— Samahani, mimi bado mwanafunzi. Kwenye kozi walituambia pini ya bunduki ikigonga fataki hapa kitakoni inaacha kishimo, hata kama haikulipuka. Hapa ni laini kabisa. Kishimo kiko wapi?

Evert alitazama ndani ya kikombe chake. Sixten alianza kusoma tarakimu za zamani juu ya pampu. Mimi nilifunika birika, ambalo lilikuwa limefunikwa.

Valfrid alivuta pumzi ile fupi.

— Unaumwa kifua, mzee? aliuliza Vendela.

— Siumwi. Nimekujibu.

Akageuka kutoka mtoni.

— Nilimsikia yule elgi, alisema. Matawi yalivunjika, maji yakaruka, alipita karibu nami kabisa. Nilimsikia mpaka hatua zake zikaisha. Kumwona, sikumwona. Ulikuwa weupe mtupu, kama maziwa. Nikakitoa kidole kwenye kifyatulio.

— Ulifanya sawa, kaka, alisema Sixten, na sauti yake haikuwa ya kiongozi. Mwingine angefyatua.

— Najua nilifanya sawa. Lakini nilimsingizia asiye na kosa. Haijanigomea hata siku moja. Kila Gazeti alipoisifu, nilitamani ardhi inimeze, na kila alipoitukana kwa ajili yangu ilikuwa mbaya zaidi.

— Mapanga ya umeme nayafuta, alisema Evert.

— Yafute. Mama, bunduki yako ni ya ngapi?

— Sita na nusu. Niliikuta kuukuu, bei nafuu. Muuzaji alisema ni ya wazee.

— Hajakudanganya. Basi ichukue hiyo. Nzima kabisa. Na kule Kinamasini, kwenye kituo changu, usikae juu ya jiwe, kaa nyuma yake. Elgi hutokea kushoto.

Vendela alimtazama Sixten. Sixten alivaa kofia yake, akavuta pumzi ndani.

— Na kahawa ya Jumatatu nachemsha mimi, alisema Valfrid. Yako Sixten ina ladha ya soksi.

Kisha alinyoosha mkono kutafuta kikombe, ukapapasa mahali risasi ilipokuwa ikisimama, ukapita, ukarudi. Sixten akakisogeza kikombe polepole mpaka kikamgusa vidole.