Pua ya Gari la Khalif

Mwaka 2004, basi lilikuwa limeshaiacha Mwingi likielekea Garissa. Kwenye kiti cha mbele yangu, kijana aitwaye Khalif alikuwa akimwonyesha fundi mzee, Yahye, aliyejuana naye humo humo safarini, kidude cha chuma kilichofungwa kitambaani. Mimi gari langu ni viatu, lakini nilisikiliza kama mtu aliyealikwa.

"Hii ni sensa, adeer," alisema Khalif, akimwita ami kwa Kisomali. "Inanusa moshi wa injini, inakwambia petroli imezidi au imepungua. Ndugu yangu wa Toronto aliuliza nataka ipi. Ile ya waya moja inasema imezidi, basi. Nikachagua ya waya tano, inasema imezidi kiasi gani."

"Umechagua vizuri," alisema Yahye, "kwa petroli ya Toronto. Yetu imetiwa risasi, yale madini. Itaiua hiyo pua. Chomoa plagi uangalie rangi, kama sisi."

"Wallahi niliangalia! Plagi ilikuwa rangi ya chai, nzuri kabisa, na petroli ikaniishia kabla ya kufika kwetu Hulugho, gari limebeba maji ya mbuzi wa mama. Nilipofika, thelathini walikuwa wamekufa."

Fundi akaiinamia ile sensa, akahesabu nyaya zake.

"Itakaa mwezi," akasema mwishowe. "Ukibahatika, miwili."

Khalif aliifunga tena sensa yake, polepole. "Waliobaki ni kumi na mmoja, adeer. Mwezi unatosha kuwafikishia maji hadi mvua inyeshe."

Basi likasimama kwenye kizuizi cha polisi, na sote tukaanza kutafuta vitambulisho.