Tiketi Kwenye Pindo la Leso

MWANASAUMU: Haloo? Haloo... nasikia kitu kinagonga-gonga huko. Ni mashine ya kupiga chapa?

ERASTUS: Hapa ni ofisi ya mabasi. Karani Erastus. Nani huyo?

MWANASAUMU: Shikamoo.

ERASTUS: Marahaba. Nimeuliza ni nani.

MWANASAUMU: Napiga kutoka Likoni, dukani kwa Mwidani. Ni habari ya Chengo, kondakta wa basi la Timbwani. Tumesikia —

ERASTUS: Chengo amekwisha. Hiyo mashine unayoisikia inaandika barua yake ya kufukuzwa. Saa sita bwana mkubwa anatia sahihi.

MWANASAUMU: Leo?

ERASTUS: Leo hii. Wewe ndiye mkewe?

MWANASAUMU: La, la. Hata kwao sikujui.

ERASTUS: Sasa unataka nini, dada? Nina kazi.

MWANASAUMU: Hakuiba nauli. Alimkatia tiketi yule mwanamke.

ERASTUS: Yule wa buibui? Inspekta Dishon alimwuliza tiketi mara tatu, akainamisha kichwa tu. Pesa imepokewa, tiketi haionekani. Sisi hapa tunaita wizi.

MWANASAUMU: Alikuwa nayo. Ni... ni mwenzangu. Kanieleza. Aliifunga kwenye pindo la leso aliyovaa, kiunoni, ndani ya buibui. Angeitoaje? Wanaume wote wamegeuka wanamtazama, na inspekta amemsimamia, analamba kalamu —

ERASTUS: Mwenzako kakueleza mpaka kulamba kalamu?

MWANASAUMU: (Kando.) Naam, Mwidani, bado kidogo.

ERASTUS: Haloo?

MWANASAUMU: Nipo.

ERASTUS: Chengo ameapa hapa tangu asubuhi kwamba alikata. Nikamwambia, hata mimi ningekuwa na watoto wanne ningeapa.

MWANASAUMU: Wanne?

ERASTUS: Na mdogo ana surua. Huyo mwenzako, tiketi bado anayo?

MWANASAUMU: Ninayo hapa. Yaani... kanipa. Nambari yake ni sifuri, tatu —

(Laini inakwaruza.)

ERASTUS: Sikusikii. Paza sauti.

MWANASAUMU: Siwezi, kaka. Duka limejaa watu.

ERASTUS: Wanakula watu, hao?

MWANASAUMU: Ni wanaume. Wanangoja simu. Na ami yangu yumo, ananunua tumbaku.

ERASTUS: Nambari peke yake haitoshi. Tiketi zimejaa chini kila kituo, hata mimi naweza kuokota moja nikakusomea. Bwana mkubwa atamtaka mwenye tiketi. Jina lake, anakokaa, na kwa nini alinyamaza.

MWANASAUMU: Hawezi kusema mbele za watu. Wallahi hawezi.

ERASTUS: Basi na barua iendelee.

MWANASAUMU: Ngoja —

ERASTUS: Nimengoja sana.

MWANASAUMU: Ngoja, bwana karani. (Kando.) Naam, Mwidani, namaliza. Nisamehe... Si mwenzangu.

ERASTUS: Nini? Laini mbaya.

MWANASAUMU: Ni mimi.

ERASTUS: Dada, sisikii.

MWANASAUMU: Nasema ni mimi. Mwanasaumu binti Rama, wa Timbwani. Ndimi niliyekuwa kwenye basi. Tiketi ni yangu.

ERASTUS: Sasa nimesikia.

MWANASAUMU: Na hapa dukani wamesikia.

ERASTUS: Binti Rama... naandika. Panda feri sasa hivi, uje nayo kabla ya saa sita. Ukichelewa sitaweza kitu.

MWANASAUMU: Nakuja. (Kando.) Naja kukueleza, ami. Ngoja kidogo.

ERASTUS: Na hapa kwenye sababu? Niandike nini?

MWANASAUMU: Andika niliona haya.

ERASTUS: Haya tu? Atauliza —

MWANASAUMU: Inspekta alipomwita mwizi, Chengo hakujibu. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme. Nami nikageukia dirishani, mpaka wakamshusha.