Anayesema ni Aliyeandika: Wasifu wa Marehemu Ambilikile, Mtunza Vitabu

Umeandikwa na Rut, mke wa Lutengano. Unasomwa kaburini na Lutengano, mwana wa marehemu, Jumatano tarehe 21 Juni 1916.

Ndugu waombolezaji, jina lililo hapo juu ameliandika mwanawe. Yaliyobaki nimeyaandika mimi, mkamwana wake, na kwa desturi ya Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hatamki jina lake au neno linalofanana nalo. Tena jina hilo limetokana na neno la kuita, kwa hiyo huu ni mwaka wa kumi sijamwita mtu kwa Kinyakyusa. Nikimhitaji mtu humwambia anatakiwa mahali fulani, na wanangu wanadhani ndivyo lugha ilivyo. Basi humu ataitwa marehemu, ingawa neno lenyewe silipendi.

Marehemu alizaliwa Ngana, wakati ambapo hakuna aliyehesabu miaka. Alipokuja kujua hesabu, alikaa na wazee siku nzima akiwauliza habari za njaa na vita vya zamani, mwishowe akakata shauri kuwa alizaliwa mwaka 1858. Mdogo wake Anyitike, ambaye yupo hapa, hajaikubali hesabu hiyo hadi leo, kwa kuwa inamfanya yeye kuwa mdogo kuliko anavyojiona.

Shuleni alifikishwa na hasira. Mwaka 1892 alikuwa mmoja wa wanaume waliopakua masanduku ya misheni ufukweni mwa ziwa, karibu na Lyulilo. Sanduku lake alilibeba begani hadi kituoni akiamini ni chumvi, kwa ule uzito. Lilipofunguliwa zikatoka karatasi. Alisema harudi nyumbani mpaka aambiwe karatasi hizo zina nini hata zimvunje bega, akaketi darasani pamoja na watoto wa rika la wanawe. Kiswahili alikisoma kwa miaka miwili. Kijerumani kilimchukua sita. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1897, akakataa kubadilishiwa jina. Laiti angekubali kuwa Eliya, ningepoteza neno moja la Biblia tu, si neno la kila siku.

Tangu mwaka 1898 alikuwa mtunza vitabu wa kituo. Vilikuwa vitabu mia mbili na kumi na vinne: vya mifupa ya mwili, nyota, madaraja, magonjwa ya ng'ombe, sheria za Warumi, nyuki, mawe yatokayo kwenye milima ya moto, na safari za watu waliokwenda kwenye barafu bila kulazimishwa na mtu. Wazungu walivipanga kwa herufi. Yeye alivipangua, akavigawa makundi matatu: vitabu vya juu, vitabu vya chini na vitabu vya katikati. Nyota, mawingu na ndege vilikaa juu. Mawe, mizizi na minyoo chini. Watu na ng'ombe wao katikati. Kitabu cha nyuki kilimsumbua mwaka mzima, maana nyuki hukaa juu na asali huliwa katikati. Mkuu wa kituo alinung'unika, lakini alipotaka kitabu ilimbidi amwulize marehemu. Mvua zetu mnazijua. Kila zilipokatika, marehemu alivitandaza vitabu vyote juani juu ya mikeka, akivigeuza kama tunavyogeuza mpunga.

Alimwoa mama Naomi karibu mwaka 1880, na hakuoa mke wa pili. Mama husema alikuja kuolewa mara ya pili na karatasi, bila yeye kuulizwa. Walijaliwa watoto watatu: Lutengano, Elizabeth na Aliko.

Mimi nililetwa Septemba 1906. Ni Mkisi, si Mnyakyusa, binti wa Marta mfinyanzi, na kwetu sikuwa nimezoea kujificha namna hii. Nikisikia kikohozi chake njiani nilijitupa migombani. Kila asubuhi nikiwa nyuma ya migomba hiyo niliwasikia watu wote wakimpa salamu yetu ya asubuhi, "Mugonile, tata," yaani umelala salama, baba? Aliijibu kwa kila mmoja, pole pole, kana kwamba usingizi wake ni habari inayostahili maelezo. Niliwaonea wivu. Nauona hata sasa.

Mwaka uliofuata alianika vitabu karibu na nyumba yetu, akaenda kunywa maji. Kimoja kilikuwa wazi, na nilijua Kijerumani kidogo kwa kufanya kazi jikoni kwa bibi wa misheni. Nilisoma, nikafunua kurasa mbili, nikaweka kijiwe upepo usije ukanipotezea mahali, nikasahau kukiondoa. Marehemu alirudi, akakiona kijiwe mbele ya pale alipoachia. Hakuuliza mtu. Kesho yake kitabu kile kilikuwa juu ya kigoda mlangoni kwangu, na kijiwe palepale.

Ndivyo tulivyozungumza kwa miaka tisa. Aliweka jani penye neno la kushangaza, nami nikaweka jani penye jibu. Kitabu cha samaki kilidai kuwa kimetaja samaki wote wakubwa wa maji baridi. Nikatia gamba la mbasa, samaki mkubwa wa ziwa letu, katikati yake, mahali ambapo mbasa wetu alipaswa kuwepo. Mama Naomi anasema marehemu alicheka peke yake hadi akakaa chini. Kicheko hicho nilikisikia kupitia ukuta. Nilitamani kuuona uso uliokuwa unacheka.

Mwaka huu, vita vya Wazungu vilipokaribia mto Songwe, tulisikia kuwa askari huwashia moto kila karatasi wanayoikuta. Marehemu alimwomba mama yangu mitungi tisa mikubwa. Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, alivihamisha vitabu kidogo kidogo hadi darini kwa Aliko, akavitia mitungini, akaziba midomo ya mitungi kwa udongo. Alifunika vitabu kwa nguo zake, yeye akalowa. Vitabu sitini na vitatu vilipona, vinne kati yake akivibakiza nje ya mitungi ili avisome. Kichomi kikamshika tarehe 9 Mei.

Alipoishiwa nguvu za kushika kitabu, aliomba asomewe. Wamisionari walikwishaondolewa, na Lutengano husoma Kiswahili tu. Aliyebaki ni mimi. Anyitike alisema haiwezekani, mkamwana hasemi na baba mkwe, na mtu asivunje desturi kwa sababu anaumwa. Marehemu akasema:

"Anayesoma hasemi. Anayesema ni yule aliyeandika."

Anyitike akanitolea kitabu nje. Nikaketi nje, mgongo wangu kwenye ukuta wa mianzi, naye ndani, upande wa pili. Nilimsomea alasiri kumi na tisa: mawingu, madaraja, nyuki. Akigonga mwanzi mara mbili nilijua niendelee. Akigonga mara moja, nirudie. Sikuongeza hata neno langu moja, nami nilikuwa nayo mengi.

Jumanne ya jana, tarehe 20 Juni, tulikuwa kwenye safari za barafuni, pale wasafiri wanapoiona nchi kavu. Aligonga mara moja. Nikarudia ukurasa. Nikangoja agonge tena. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu, mpaka mama Naomi alipotoka nje akaniambia nifunge kitabu.

Marehemu ameacha mjane, mama Naomi. Watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake Anyitike, na mitungi tisa ambayo hatujui tutaifungua lini. Na mimi ameniacha.

Baba, ulilikata shauri hili mwenyewe, na Anyitike ni shahidi. Sauti hii ni ya mwanao, lakini hasemi yeye. Nipo nyuma ya migomba, nimefunika uso kama inavyonipasa, na jina lako sijaligusa. Nina neno moja tu, nililolichelewesha miaka kumi.

Mugonile, tata.