Kochi Linaita

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

WAYA: Mimi, Dada. Mdogo wako.

DADA: Yupi? Ninao watatu.

WAYA: Mwenye akili.

DADA: Ah, Waya. Namba gani tena hii?

WAYA: Shikamoo. Laini ya pili. Simu nyingine inarekodi.

DADA: Marahaba. Sema haraka basi, niko kazini. Mkono huu trei ya mikate, mkono huu wewe, na msimamizi atarudi sasa hivi.

WAYA: Nimezipata!

DADA: Nini?

WAYA: Hedfoni zangu! Zile za shingoni, zisizo na waya.

DADA: Zile ulizonunua ukashindia chai mwezi mzima?

WAYA: Hizo hizo. Ulisema nimezipoteza kwa uzembe. Nikasema zimeibwa. Haya, nani mjinga sasa?

DADA: Kwa kupoteza vitu hujambo, usinisingizie mimi. Mbona kelele hivyo? Uko sokoni?

WAYA: Niko kwa mwizi.

DADA: Kwa nani?

WAYA: Sikiliza. Ndiyo maana nakwambia kila siku, nunua kitu chenye akili. Hedfoni zile zinaongea na simu. Ukiziwasha tu zinajiunga zenyewe, hata ukiwa umeunganisha kitu kingine zinakipokonya. Chaji inakaa wiki. Nafungua ramani, nukta ile pale, ya buluu, imetulia tangu juzi haisogei. Nikaifuata. Mtaa wenyewe hata siujui—

DADA: Waya, nani analia hapo?

WAYA: —mpaka mlangoni kwake. Namuuliza kwa ustaarabu kabisa: mzee, umeokota hedfoni? Kanikodolea macho. Eti hedfoni ni nini! Zama hizi! Mtu mzima hajui hedfoni!

DADA: Wako wengi. Mimi mwenyewe—

WAYA: Wewe umechagua ujinga, ni tofauti. Dada, mashine haina sababu ya kusema uongo. Binadamu ndiye mwenye njaa, ndiye mwenye wivu. Ndiyo maana hata ile kazi niliiacha. Bosi anachapa barua pepe kwenye karatasi, anaipiga picha, halafu ananitumia picha! Nikasema hapa nitaoza.

DADA: Ulifukuzwa.

WAYA: Tuliachana. Basi, mzee anakana, mimi nikabonyeza "ita". Ukibonyeza zinalia zenyewe huko zilikojificha. Ti-ti-ti-ti! Humo humo karakanani mwake! Ushahidi gani tena unautaka? Nikapiga kelele, mwizi!

DADA: Ulitamka neno hilo barabarani?

WAYA: Mara moja tu.

DADA: Mara moja inatosha, we mtoto! Inatosha!

WAYA: Mimi sijamgusa. Wamekuja wenyewe, kila kona wanatoka, sijui walikuwa wapi. Mmoja kachukua nyundo ya mzee mwenyewe hapo mezani— Uuuh! Hiyo imempata. Hiyo imempata begani. Kakaa chini.

DADA: Nyundo, Waya?

WAYA: Na picha inatoka safi ajabu. Hii kamera haitikisiki hata nikisukumwa.

DADA: Mtu anapigwa nyundo wewe unapiga picha?

WAYA: Ushahidi, Dada.

DADA: Ushahidi wa nini, Mungu wangu! Waambie waache! Umeshapata vitu vyako, chukua uende zako!

WAYA: Sijavitia mkononi bado. Zinalia lakini hazionekani. Kazizamisha ndani ya kochi, chini kabisa. Wanamuuliza umezitiaje humo, anasema sijui, wanamwongeza. Kichwa kimeshapasuka, damu imeingia macho yote—

DADA: Kochi? (mtandao unakwaruza) Kochi gani?

WAYA: Haloo? Unakatika.

DADA: Kochi gani, nasema! Huyo mzee anafanya kazi gani?

WAYA: Fundi makochi. Kuna sponji, kuna cherehani, misumari kila mahali. Hilo kochi kalivua nguo yote, limebaki uchi.

DADA: Liangalie miguu.

WAYA: Miguu ya nani?

DADA: Ya kochi! Liangalie miguu!

WAYA: Dada, mtu ananipita hapa na tofali, wewe unaniuliza miguu ya— Haya. Mitatu myeusi. Wa nne ni... ni mguu wa...

DADA: Sema.

WAYA: Mguu wa dawati la shule.

DADA: Aliutia nani?

WAYA: Baba.

DADA: Jumapili umekula kwangu, umeshiba, ulilala wapi na madude yako shingoni?

WAYA: Kwenye kochi.

DADA: Kochi lile lilimeza rimoti. Lilimeza kijiko. Lilimeza meno ya bandia ya mama, akala uji mpaka sikukuu ikapita, na wewe ndiye uliyetia mkono ukayatoa! Umesahau?

WAYA: Hukuniambia umelipeleka kwa fundi.

DADA: Lilichukuliwa asubuhi yake! Nikuombe ruhusa kwani kochi lako? Waambie, Waya! Waambie sasa hivi!

WAYA: Dada, hujawaona hawa.

DADA: Waambie umekosea!

WAYA: Watanigeukia mimi! Damu imeshamwagika, unadhani watasema samahani waende nyumbani? Watatafuta aliyeita. Na nimesimama peke yangu, mgeni, simu mbili mkononi—

DADA: (kwa mtu wa pembeni) Shika trei hii. Shika! Wapigie polisi, waambie kwa fundi makochi, nyuma ya kituo cha mafuta. Wanamuua. (kwenye simu) Waya, natoka. Nakuja kwa miguu, nakimbia. Ile spika yako kubwa umeibeba?

WAYA: Iko begani. Kwa nini?

DADA: Si unasema inasikika mitaa mitatu? Niunganishe nayo. Wewe kama huna mdomo, mimi ninao. Nitawaambia kochi ni langu.

WAYA: Watauliza nani aliita mwizi.

DADA: Na utajibu. Niunganishe!

WAYA: Subiri. Subiri, naiwasha... Imewaka. Natafuta... Tayari, imesema imeunganishwa. Ongea, Dada! Ongea kwa ngu—

DADA: Jamani! Ndugu zangu, nisikilizeni! Kochi hilo ni langu mimi! Vitu vilivyomo ni vya mdogo wangu, kalala hapo vikamdondoka! Fundi hajaiba chochote! Mwacheni, kwa jina la Mungu, mwacheni! Haloo? Waya? Wananisikia?

(mshindo, mtu anahema karibu)

DADA: Waya?

SAUTI: Nani... nani yumo ndani ya kochi?

DADA: Fundi?

FUNDI: Naskia sauti kwenye sponji. Nimelalia hapa. Nani?

DADA: Ni mimi. Mwenye kochi, Fundi. Wa mikate.

FUNDI: Mama Mikate. Umo humo?

DADA: Simu ya mdogo wangu imejiunga na hicho kidude kilichomo ndani. Nakuja, Fundi. Niko njiani. Mdogo wangu yuko hapo mlangoni, anawaambia.

FUNDI: Hakuna anayesema kitu, mama.

DADA: Atasema. Waya! We Waya! Hanisikii... Funika kichwa kwa mikono, Fundi.

FUNDI: Mkono huu haunyanyuki. (mshindo) Ah. Ah, mama yangu. Sikuiba mimi.

DADA: Najua! Mimi najua!

FUNDI: Kochi lako... nilikuahidi leo. Nisamehe, sijamaliza kushona.

DADA: Achana na kochi! Usiongee. Nimeshapita kituo cha mafuta, nimeshafika kwenye— Vumilia kidogo tu, baba.

FUNDI: Kitambaa chako kiko mezani. Waambie wasikikanyage, ni kip—

(mshindo. Mshindo. Mlio mwembamba, kisha kimya)

DADA: Fundi? Fundi! Haloo? Haloo!

WAYA: —loo? Dada? Haloo! Imerudi. Nilikuwa sikusikii kabisa. Hedfoni zimeipokonya spika, simu ikarukia kule, mpaka zikaisha chaji ndiyo... Ulikuwa unaongea na nani?

DADA: Uliwaambia?

WAYA: Nilikuwa nasubiri uanze wewe.

DADA: Uliwaambia, Waya?

WAYA: Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo. Dada, wanaondoka. Wanatembea upesi upesi, hakuna anayegeuka. Nyundo wameirudisha mezani.

DADA: Na yeye?

WAYA: Kuna mama anaishusha shata ya duka lake, ananiangalia sana—

DADA: Na yeye, nimekuuliza!

WAYA: Hatikisiki.

DADA: (anahema, analia)

WAYA: Alisema nini? Dada? Alikuambia nini?

DADA: Kaniomba radhi.

WAYA: Kwa lipi?

DADA: Ingia ndani.

WAYA: Siwezi. Naondoka, Dada, nakata, polisi wakija wakinikuta—

DADA: Hukati! Ingia. Mezani kuna kitambaa cha kijani, kimekunjwa. Changu hicho. Mfunike nacho.

WAYA: Kitaharibika.

DADA: Mfunike, Waya.

(hatua, kitu kinasukumwa sakafuni)

WAYA: Nimemfunika. Dada, miguu imebaki nje.

DADA: Kaa hapo chini kando yake. Nauona mlango, nakuja. Ile simu yako nyingine, bado inarekodi?

WAYA: Bado.

DADA: Usiizime. Igeuze ikuangalie wewe.

WAYA: Niseme nini?

DADA: Nani aliita mwizi. Mke wa fundi atataka kujua. Sema mara moja tu.

WAYA: Dada, salio langu lina—