Penseli ya Mama Nukta na Kitabu cha Saba cha Mdaka

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya utumishi, msoma prufu mkuu wa kampuni yetu ya uchapishaji, yule anayesahihisha kurasa kabla hazijachapwa, alistaafu rasmi. Kwenye orodha ya mishahara ana jina refu la heshima, lakini humu ndani, kuanzia kwa mkurugenzi hadi kwa mlinzi wa getini, ni Mama Nukta. Mkurugenzi aliniomba niandike wasifu huu kwa jarida letu la wafanyakazi kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna aliyemsumbua yule mama kunishinda mimi. Ni kweli.

Alianza kazi kama mpiga taipu. Siku ya kwanza alikabidhiwa barua yake ya ajira aisaini, akairudisha na makosa manne yamezungushiwa penseli. Mkurugenzi wa wakati huo alinuna hadi saa sita mchana, kisha akamhamishia meza ya prufu iliyo karibu na dirisha la nyuma, na hapo ndipo alipokaa hadi alipostaafu. Tangu hapo ukawa utaratibu: karatasi isiyo na saini yake ndogo pembeni haiendi kiwandani. Mwaka ambao majibu ya kitabu cha hesabu yalikosewa mpangilio, alikokotoa maswali mia sita na kumi kwa mkono. Walimu waliokiandika walimshukuru huku wakitazama sakafu.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja tu. Yeye alisoma mswada kwa sauti, pamoja na alama zote, na mwandishi alikaa mbele yake akifuatilia kwenye prufu. Mimi ndiye mwandishi wa Mdaka, vitabu saba vya vijana kuhusu msichana wa miaka kumi na mitano ambaye akiinua mkono, kinachoanguka husimama hewani. Nilijiona nimeandika mapambano ya kusisimua mno. Kisha nikakaa mbele ya Mama Nukta nikamsikia akiyasoma kwa sauti ya mtu anayetaja namba za simu: akamrushia ngumi mkato jengo likatikisika mkato wote wakapiga kelele alama ya mshangao alama ya mshangao alama ya mshangao. Hapo alininyanyulia macho. Tangu siku hiyo natumia moja, tena kwa woga.

Mimi nina miaka arobaini na minne na kitambi cha kutosha, lakini pembeni mwa kurasa zangu aliniita mwanangu. Kwenye kitabu cha nne aliandika: “Mwanangu, sura ya tatu huyu binti kavunjika mkono. Sura ya nne anafunga kamba za viatu. Kwa meno?” Kwenye cha tano: “Wamekimbia siku tatu. Hawali hawa?” Niliwahi kujitetea kwamba kazi yake ni tahajia. Alinijibu kwa upole kwamba njaa nayo ni kosa.

Sasa nije kwenye kitabu cha saba, cha mwisho, kilichotakiwa kuingia mtamboni Ijumaa ileile ya kustaafu kwake. Kilichelewa miezi mitano, na aliyekichelewesha mnamjua.

Wasomaji wa Mdaka wanaijua kanuni yake tangu kitabu cha kwanza: nguvu iko katika mkono mmoja tu, na mkono mmoja hudaka kitu kimoja. Vikianguka viwili, kimoja kitafika chini. Kwa vitabu sita nilikwepa kuvidondosha viwili. Kwenye cha saba nikaona nifunge kazi kwa kishindo: mdogo wake Mdaka anaanguka kutoka ghorofani, na upande wa pili anaanguka mwalimu aliyewalea. Mdaka analia, anainua mikono yote miwili, na wote wanasimama hewani. Nilipomaliza sura ile nilijipongeza kwa kwenda kulala mchana.

Jumatano ya wiki yake ya mwisho, prufu ya sura hiyo ilirudi bila saini. Pembeni palikuwa na maneno machache: “Wawili hapana. Kitabu cha kwanza, ukurasa wa 41.” Nilikwenda mezani kwake kumwelimisha. Nilimweleza kwamba upendo ndio umemfungulia Mdaka mkono wa pili. Alinisikiliza kama mama anavyomsikiliza mtoto akieleza jinsi paka alivyovunja glasi. Kisha akasema hawezi kutia saini. Nikaenda kumshtaki kwa mkurugenzi, naye akaniambia kwa kifupi nirudi nikaongee vizuri na mtu mzima.

Niliporudi, alikuwa amelifungua kabati lake la chini. Mlikuwa na barua mia mbili na kumi na mbili za watoto, zote zimeandikwa kwa mwandishi wa Mdaka, na kila moja imebanwa na nakala ya jibu. Majibu yalikuwa kwa mwandiko wa Mama Nukta na chini yake jina langu. Nilikumbuka kwamba miaka tisa nyuma nilimwambia mhudumu wa mapokezi asiniletee barua za mashabiki kwa kuwa zinanitoa kwenye fikra nzito; kumbe zilipelekwa kwa Mama Nukta. Nikakumbuka pia shule niliyotembelea, mwanafunzi akanishika mkono kunishukuru kwa barua nzuri niliyomwandikia. Nilijua wazi sijaandika barua yoyote, lakini nilipokea shukrani ile na kupigwa picha.

Alinichagulia moja nisome. Ilitoka kwa msichana wa miaka kumi na mbili ambaye mama yake alikuwa mgonjwa, na nyumbani alibaki yeye na mdogo wake mchanga. Aliuliza, mama na mtoto wakianguka pamoja, Mdaka atamdaka nani. Jibu lilikuwa na mistari miwili: “Bado sijui, mwanangu. Lakini nakuahidi kitabu cha mwisho hakitakudanganya.” Na chini, jina langu.

Niliona aibu, na sina neno la kuipamba. Watoto wale walikuwa wamepewa ahadi, na aliyeitoa alikuwa na siku mbili tu za kukaa kwenye kiti ambapo angeweza kuilinda.

Alhamisi asubuhi nilimletea sura mpya. Mdaka anamdaka mdogo wake, na mwalimu anaangukia kwenye lundo la magodoro. Ilirudi kabla chai yangu haijapoa: “Magodoro yametoka wapi?” Nikakaa tena hadi jioni. Safari hii mwalimu anaanguka, na hakuna muujiza. Mdaka anabaki amemkumbatia mdogo wake, na sura mbili zinazofuata ni za jinsi anavyoamka kila siku akijua alichokichagua, anapika, anampeleka mtoto shule, na polepole anaanza tena kucheka. Nimeandika vitabu saba, na nadhani hizo ndizo kurasa thelathini pekee ambamo sikuwa najionyesha.

Ijumaa asubuhi alizisoma kwa sauti, mkato kwa mkato. Alipofika pale mwalimu anapoachia ukuta alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akalaumu vumbi la karatasi. Kisha akaendelea hadi mwisho na kutia saini ukurasa baada ya ukurasa. Mpiga chapa alipiga simu mara tatu kuuliza kama tumekufa.

Ulibaki ukurasa wa shukrani. Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja wa kuwaambia wasomaji kwamba barua walizopokea miaka yote hii hazikuandikwa na mimi, na kumtaja aliyeziandika. Nilidhani hatimaye nimefanya jambo la kiungwana. Aliukata mstari wote kwa penseli na kuandika pembeni: “Ondoa. Ahadi umeitimiza wewe, kwa hiyo barua ni zako. Zipo kumi na nne hazijajibiwa, anza na ya juu.”

Kitabu kikaingia mtamboni bila mstari ule, kwa sababu katika jengo hili kilichokatwa na Mama Nukta hubaki kimekatwa. Ila jarida hili limetoka mwezi Julai, na limepita bila saini yake. Kwa hiyo naandika hapa, mahali asipoweza kufikia kwa penseli: barua zote ni zake, na yule mwandishi mwema waliyempenda watoto mia mbili na kumi na mbili alikuwa yeye.

Asante sana, mama yetu. Pumzika, usome vitabu vya watu wasiotuhusu, na afya ikufuate popote utakapokaa. Za kwangu, zile barua kumi na nne, nimeshajibu tatu.